Kabla ya Mandhari, Uliza Basi la Mwisho Linaondoka Saa Ngapi

Kila baada ya miezi michache ule ujumbe hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: Italia wanauza nyumba kwa euro 1. Picha ni zilezile, ngazi za mawe, maua dirishani, paka kajilaza ukutani. Chini yake mmoja anauliza mambo ya viza, mwingine anasema tuchange tununue kijiji kizima tukiite Kariakoo Ndogo. Utani mtupu. Lakini wapo wanaouliza kwa dhati, hasa Waswahili wenzangu ambao tayari wanaishi Milano, Bologna au Roma, wameanza kuhesabu miaka ya kustaafu na wamechoka kulipa kodi ya pango. Wapo pia waliooana na Waitaliano, maana kwa jinsi Waitaliano walivyojaa Malindi, Watamu na Zanzibar, ndoa hizo si haba. Hao ndio ninaowaandikia.

Msimamo wangu ni huu: mgeni anayetafuta nyumba mashambani Italia asianze na nyumba, wala asianze na mkoa. Aanze na mji mdogo ambao bado una hospitali, kituo cha treni na shule. Kisha atafute nyumba ambayo akitoka mlangoni anafika mjini kwa miguu. Mizeituni, vigae vyekundu na machweo juu ya vilima vifuate baadaye. Najua ushauri huu haupendezi pichani.

Bei ya chini ina sababu yake. Italia ina halmashauri karibu 7,900, na takriban asilimia 70 kati yake zina wakazi wasiozidi 5,000. Vijiji vya milimani vilianza kupoteza watu zamani, kwanza kwenda Argentina na Marekani, halafu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwenda Torino, Milano, Ubelgiji, Ujerumani na Australia. Vijana wakiondoka, shule inakosa watoto na kufungwa. Shule ikifungwa, familia chache zilizobaki nazo zinahama. Daktari anaanza kuja mara moja kwa wiki, benki inaondoa mashine yake, na mwisho baa inafungwa, na kijiji cha Italia bila baa kimekwisha. Nyumba ndizo zinazobaki. Kwa hiyo ukiona nyumba ya mawe ya vyumba vinne kwa bei ya gari lililotumika, usijipongeze kwa bahati yako. Uliza ni kitu gani kimeshaondoka hapo.

Hizo za euro 1 zinastahili maelezo kidogo, kwa sababu si utapeli, ila si hicho watu wanachodhani. Sambuca di Sicilia, mji mzuri kweli katika jimbo la Agrigento, ulitangaza nyumba 16 mwaka 2019. Euro 1 ilikuwa bei ya kuanzia mnada. Nyumba zenyewe zilikwenda kwa maelfu ya euro. Mnunuzi aliweka dhamana ya euro 5,000 na kuahidi kuikarabati ndani ya miaka 3 kwa si chini ya euro 15,000, na nyumba isiyo na paa wala mabomba humeza mara kadhaa ya hizo. Walionufaika zaidi, kwa maoni yangu, ni wakazi waliokuwa na nyumba nzima nzima za kuuza. Wageni walikuja kwa ajili ya magofu, wakapiga hesabu ya fundi, wakaishia kununua nyumba ya jirani yenye umeme na choo. Hao walikuwa na akili.

Sasa sheria, maana hapa sisi hatuko sawa na Mjerumani. Raia wa Umoja wa Ulaya hununua bila swali. Raia wa nchi nyingine anakutana na kanuni ya nipe nikupe: Italia humruhusu kununua iwapo Mwitaliano naye anaruhusiwa kununua katika nchi ya mgeni huyo, au kama kuna mkataba kati ya nchi hizo mbili. Na kwetu je? Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya 1999, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, humpa umiliki wa kupanga tu, usiozidi miaka 99. Ulinzi huo wa ardhi yetu naukubali kabisa, ila ujue kwamba unakufuata hadi kijijini Toscana. Mtu anayeishi Mwanza au Mombasa asidhani kuwa pesa zinatosha. Alipeleke swali hili kwa notaio, yule mwanasheria anayethibitisha mauzo ya nyumba kwa niaba ya serikali, kabla hajamlipa dalali hata senti. Mwenye kibali cha ukaazi cha kazi, familia au masomo kanuni hiyo haimgusi, na ndiyo sababu nasema habari hizi ni za walio huku zaidi kuliko za walio nyumbani.

Tena nyumba haimpi mtu kibali. Unaweza kumiliki jumba na bado ukahesabiwa siku 90 za kukaa katika kila siku 180 kama mtalii mwingine yeyote. Ipo viza ya makazi ya hiari, lakini inadai uonyeshe kipato cha takriban euro 31,000 kwa mwaka kutoka pensheni au kodi za nyumba, si mshahara, na ukishaipata huruhusiwi kufanya kazi. Hiyo ni viza ya mstaafu wa Kimarekani.

Turudi kwenye basi la kichwa cha habari. Ratiba za mabasi ya vijijini zisome mpaka maandishi madogo ya chini. Mabasi mengi hupita siku za shule tu. Shule zikifungwa Juni, usafiri unapungua hadi Septemba, na Jumapili hata usiulize. Utasema utanunua gari. Sawa, lakini leseni ya Tanzania au Kenya inakufaa mwaka mmoja tu tangu ulipoandikishwa kuwa mkazi. Baada ya hapo unafanya mtihani upya kama kijana wa miaka 18: maswali 30 ya kweli au si kweli, kwa Kiitaliano cha vitabuni, na ukikosa zaidi ya 3 umeanguka. Nawajua watu wenye miaka mingi ya kuendesha daladala waliotolewa jasho na maswali hayo. Na hata ukifaulu, uzee haujali leseni. Nyumba ya kilimani unainunua ukiwa na miaka 55, magoti yako yanakuja kuijua ukiwa na 75.

Ardhi yenyewe nayo ina tabia zake. Uti wa mgongo wa Italia, milima ya Apennini, hutikisika: L'Aquila mwaka 2009 walikufa watu 309, na Amatrice na miji jirani mwaka 2016 karibu 300. Kila halmashauri imepangiwa kanda ya tetemeko, 1 ikiwa kali kuliko zote na 4 hafifu, na kuuliza kanda hakugharimu kitu. Simaanishi mtu asinunue Abruzzo, mkoa wenye L'Aquila. Ila kama ni kanda ya 1, mwite mhandisi kabla ya mpaka rangi, kwa sababu kuta nene za mawe zinazovutia pichani ndizo zinazomwagika kama hazijafungwa vizuri. Udongo wa Basilicata na Calabria, mikoa ya kusini, huporomoka pia. Mji wa Craco ulihamwa kuanzia miaka ya 1960 kwa sababu kilima kilikuwa kinateleza chini yake. Kusini mwa Puglia, kwenye rasi ya Salento, watu walinunua mashamba kwa ajili ya mizeituni ya karne na karne, kisha mwaka 2013 bakteria wa Xylella akagunduliwa huko, na mamilioni ya miti imekauka. Sisilia tatizo ni maji. Jimbo la Agrigento hupata maji kwa zamu, na ukame wa 2024 ulizidisha dhiki. Mtu wa Dar hatashangaa kuona matangi juu ya paa. Atakachoshangaa ni kuyakuta Ulaya.

Karatasi sitazichambua zote, notaio yupo kwa kazi hiyo. Mawili tu, kwa sababu ni ya mashambani hasa. La kwanza ni warithi. Babu alikufa bila mtu kugawa mali, watoto wakaenda Buenos Aires na Melbourne, nao wakazaa. Nyumba unayoonyeshwa na binamu mchangamfu inaweza kuwa na wenyewe kumi na mmoja, na kila mmoja lazima atie saini. Usitoe arabuni kwa tabasamu la mmoja. La pili ni jirani mkulima. Nyumba ikiuzwa pamoja na shamba, mkulima mwenye ardhi inayopakana nalo ana haki ya kununua kwanza kwa bei ileile. Anapewa siku 30 za kujibu, na asipoarifiwa kwa utaratibu anaweza kuja kulidai shamba ndani ya mwaka mmoja tangu mauzo yaandikishwe, wewe ukiwa umeshapanda nyanya. Ndiyo maana napendelea nyumba yenye bustani kuliko nyumba yenye ekari. Kama ndiyo makazi yako ya kwanza na utahamishia ukaazi hapo ndani ya miezi 18, ushuru wa uandikishaji kwa nyumba iliyonunuliwa kwa mtu binafsi ni asilimia 2 ya thamani iliyoandikwa kwenye rejista ya serikali badala ya 9. Shamba likiongezwa, mambo yanabadilika: ardhi ya kilimo kwa asiye mkulima hutozwa asilimia 15.

Kitu ambacho hakuna dalali atakuambia ni jinsi kijiji kinavyoishi na watu kama sisi. Rangi yako itakuwa habari ya baa kabla hujafungua masanduku. Hilo linapita, mara nyingi kwa wema. Lakini Calabria hiyohiyo yenye Riace, mji uliofungua nyumba zake tupu kwa wakimbizi baada ya mashua ya Wakurdi kufika mwaka 1998, ndiyo yenye Rosarno, ambako Januari 2010 Waafrika wavunaji wa machungwa walishambuliwa mitaani. Takwimu haitakusaidia hapo. Nenda Alhamisi mchana, siku ambayo wanawake wanaotunza wazee hupata mapumziko, ukae nao kwenye bustani ya mji. Wametoka Ukraine, Romania, Peru, Nigeria. Watakuambia duka gani linawafuata nyuma likidhani wataiba, daktari gani anawasikiliza, na polisi wanasimamisha nani barabarani. Mimi huwaamini hao kuliko ofisi ya utalii.

Basi ningenunua wapi? Si Chianti, vile vilima vya mvinyo vya Toscana, ambako bei ni za watu wengine na majira ya baridi nyumba nusu zimefungwa kwa kuwa wenyewe wako London. Ningeelekea kusini mwa Piemonte, Acqui Terme na viunga vyake. Mji una wakazi karibu 19,000, una hospitali, soko la wiki, treni ya moja kwa moja hadi Genova, na katikati yake chemchemi ya La Bollente inabubujisha maji ya nyuzi 75 hivi. Vilima vya zabibu viko palepale kwa anayetaka picha. Hasara zipo: ukungu, mto Bormida ambao ukifurika haubishi hodi, na mabanda yenye paa za saruji ya asibesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Jimbo hilohilo ndilo lenye Casale Monferrato, ambako kiwanda cha Eternit, kilichotengeneza saruji hiyo, kilifungwa 1986 kikiacha misiba mingi. Asibesto ilipigwa marufuku nchini mwaka 1992, lakini paa za zamani zimebaki, na kuziondoa ni kazi ya kampuni yenye leseni, kwa gharama ya mwenye nyumba. Iwekwe kwenye bei kabla ya saini.

Na kabla ya yote hayo, panga. Chukua nyumba ya kupanga mjini hapo kuanzia Novemba hadi Machi, uone jua linafika upande gani wa kilima na kuni au peleti, vile vipande vya unga wa mbao vya kuchoma jikoni, zinakula kiasi gani. Ukimpata mwenye nyumba inayouzwa ambaye imekaa mikononi mwake bila mteja, mwombe akupangishie hiyohiyo miezi miwili ya baridi. Akikataa katakata, muulize mfumo wa joto uliwaka lini mara ya mwisho.