Dau la Jogoo

Mbalamwezi ikiiva, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hulala nyumbani, maana dagaa hawafuati karabai wakati mbingu nzima inawaka. Ndiyo maana Mjomba alikuwa uani pale Igombe, nje ya Mwanza, mikono imepumzika lakini mdomo uko kazini.

Taa ya barazani ilikuwa imejaza wadudu ukutani. "Visubi tu hivi," akasema. Mimi na zuolojia yangu ya chuo nikawashwa. Nikamwonyesha: kisubi akitua huyalaza mabawa mgongoni, ila huyu, aitwaye mayfly kwa Kiingereza, kayasimamisha kama tanga. Mkiani ana nyuzi mbili ndefu. Tena ni dume, kwani juu ya macho ya kawaida ana mengine makubwa yameota.

"Na mabawa yake bado yana ukungu," nikaongeza. "Usiku huu atajivua ngozi, mpaka ya mabawa."

Mjomba akacheka hadi akakohoa. "Tangu lini mwenye mabawa akajivua? Panzi akisharuka, kamaliza!"

Kwa panzi yuko sahihi. Katika wadudu wote waliopo, ni kundi la mayfly peke yake linalojivua tena baada ya kuanza kuruka. Tukawekeana dau: nikishinda, jogoo wake ni wangu, nikishindwa, nitaukwangua mtumbwi wake wote. Mdudu nikamfunika kwa bilauri pamoja na kijiti.

Asubuhi wako wawili! Mmoja anang'aa, mabawa angavu. Mwingine mweupe, mtupu, ameng'ang'ania kijiti.

"Umeongeza mwingine usiku," Mjomba akanituhumu.

Tukamwita mkaza mjomba aamue. Akainama, akachungulia. "Mlimpa nini ale?"

"Hali, mkaza mjomba. Akishakuwa mkubwa kinywa chake hakifanyi kazi."

"Kumbe kuna wageni wa hivyo," akasema, akiniangalia mimi niliyemaliza ugali wa jana na kiporo chake.

Kisha akainua bilauri aone vizuri. Upepo wa ziwani ukabeba ngozi, mdudu naye akaifuata hadi chini, na jogoo, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiokota maiti za wadudu chini ya taa, akawameza wote wawili mfululizo.

Nikadai ushindi. Mjomba akatikisa kichwa.

"Shahidi yumo tumboni. Ukitaka achinjwe tumkague, sawa, lakini mchuzi ni wangu. Kwangulio liko nyuma ya jiko."