Maadili ya Habari za Gemu Yaanze Penye Pesa

Binti akishinda mechi tatu mfululizo za eFootball na ukurasa wa michezo ukamwandika, magrupu ya wacheza gemu hapa Malindi hayaulizi alichezaje. Yanauliza mwandishi anajuana naye vipi. Halafu hutokea mmoja akasema hana ugomvi na wanawake, yeye anatetea maadili ya uandishi. Kauli hiyo huniudhi kuliko matusi yenyewe. Maadili ya uandishi wa gemu ni jambo zito, na wanaolitumia hivi wanalichafua.

Wanaokumbuka Agosti 2014 wanajua hili si geni. Mpenzi wa zamani wa Zoe Quinn, mtunzi wa gemu la Depression Quest, alianika mambo yao ya ndani mtandaoni. Umati ukadaka jambo moja: Quinn aliwahi kuwa na uhusiano na mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za gemu, basi gemu lake limesifiwa kwa sababu ya mapenzi. Kabla mwezi haujaisha zogo lilishapewa jina, Gamergate.

Tuhuma ya aina hii hupimwa kwa maswali manne. Huo uchambuzi uko wapi? Ulitoka tarehe gani? Uhusiano ulianza lini? Nani alipata pesa? Yule mwandishi hakuwahi kulichambua gemu la Quinn. Makala yake ya Kotaku iliyomtaja ilitoka 31 Machi 2014 na ilihusu kipindi cha mashindano kilichovunjika, na mhariri wake alieleza hadharani kwamba uhusiano ulianza baada ya hapo. Gemu lenyewe lilikuwa la maandishi, na mtu aliweza kulicheza bure. Swali la kwanza peke yake lilitosha. Wako wanaojibu kwamba lisemwalo lipo. Lisemwalo huweza kuwa limetungwa, na tarehe mbili zikiwekwa pamoja humtoa mtungaji wake.

Tazameni nani aliandamwa. Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu, alifuta mhadhara wake Utah State University Oktoba 2014. Barua pepe ilikuwa imetishia mauaji ya halaiki, na polisi walisema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia wenye vibali kuingia na bunduki. Mwezi huohuo mtunzi wa gemu Brianna Wu alilazimika kuhama nyumbani kwake. Hakuna kati yao aliyekuwa mhariri wa chombo cha habari za gemu. Vitisho vya kuua vilikuwa vikisahihisha uandishi gani?

Sasa fuateni pesa. Mwaka huohuo wa 2014, kampuni ya Warner Bros. iliwalipa watengeneza video wa YouTube, akiwemo PewDiePie, walitangaze gemu la Middle-earth: Shadow of Mordor. Malipo yalikuwa kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola. Masharti yaliwakataza kuonyesha hitilafu za gemu au kulisema vibaya. Maneno ya kwamba wamelipwa yaliwekwa kwenye maelezo chini ya video, mahali ambapo mtazamaji hafiki mpaka abonyeze kufungua zaidi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni hiyo Julai 2016. Kabla ya hapo, Novemba 2007, Jeff Gerstmann alifukuzwa GameSpot, tovuti ya habari za gemu, baada ya kulipatia gemu la Kane & Lynch alama 6.0 huku matangazo ya gemu hilohilo yakiwa yametanda kwenye tovuti. Mwaka 2012 alieleza wazi jinsi shinikizo la wenye matangazo lilivyowaelemea wakubwa wake. Huo ndio uozo wa uandishi wa gemu, nao una mikataba, na wenye kulipa wanajulikana.

Nitakubali hili, ingawa shingo upande: walikuwepo waliopigia kelele mkataba wa Shadow of Mordor, mchambuzi wa YouTube TotalBiscuit akiwa mmoja wao, na baada ya zogo Kotaku iliwazuia waandishi wake kuwachangia watunzi pesa kupitia Patreon, mtandao wa kuchangia wabunifu. Mabadiliko hayo yangepatikana kwa barua kwa mhariri. Hayakuhitaji mtu akimbie kwake.

Hapa kwetu pesa ni ndogo lakini njia ni zilezile: simu ya kufanyia majaribio isiyorudishwa, pad mpya ya kuchezea, bando, ada ya kiingilio iliyosamehewa. Wavulana huandikana kila wiki. Mwenye ukurasa ni binamu wa bingwa, bingwa ni jirani wa mwenye kibanda cha PlayStation, zawadi imetoka kwa mwenye kibanda, na hakuna anayeuliza. Anayetaka maadili aanzie hapo. Sema umepewa nini, na nani, na kama utakirudisha, kwenye mstari wa kwanza wa posti. Kwenye video litamke kwa mdomo mwanzoni, maana wengi hawasomi maelezo. Ukiwa na undugu au mapenzi na unayemwandika, mpe mwingine aandike. Kanuni hii haina jinsia. Na anayedai wasichana hawachezi, Sylvia Gathoni, yule QueenArrow wa gemu la mapigano la Tekken, alisajiliwa na timu ya kimataifa akitokea Kenya hii hii.

Dada anayetukanwa asiambiwe anyamaze tu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kiliwawekea wanaonyanyasa watu mtandaoni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kesi nyingi huharibikia kwenye ushahidi. Skrinshoti ya WhatsApp huonyesha jina ulilomhifadhi nalo mtu, kwa hiyo fungua wasifu wake uipige skrinshoti na namba yake. Usikate picha, acha tarehe, saa na jumbe za kabla na baada zionekane. Fanya hivyo mara moja, kwa kuwa mtumaji ana takriban siku mbili za kuufuta ujumbe kwa wote. Ukitaka kumpa mtu nakala, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake. Mahakamani kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na nakala ilivyotolewa, hivyo mwenye simu ndiye apige skrinshoti na kuitoa kwenye karatasi mwenyewe. Wewe admini, usimtoe mtukanaji na kufuta jumbe zake kabla dada hajamaliza kuzihifadhi. Mfungie kwanza grupu, kwa kuweka maadmini pekee watume ujumbe, halafu mngojee dada amalize.