Tuliojiajiri na vikundi vya kupeana kazi: mi nasema ingia, ila angalia kwanza nani wamekaa mezani

Ukiwa umejiajiri hapa Dar, kikundi chako cha kwanza cha biashara hukukichagua na wala hukulipia ada, ni kamati ya harusi. Unaenda kikao cha harusi ya binamu yako, unakaa pembeni ya mtu usiyemjua, anakuuliza unajishughulisha na nini, unamwambia nafunga madirisha ya aluminiamu, anasema aah mi kuna nyumba naisogeza kule Goba hebu nipe namba, na hapo kazi umeshapata. Msibani hivohivo, jumuiya hivohivo, VICOBA ya mama hivohivo. Kwahiyo mtu akija kuniuliza dada hivi kuna haja gani nilipe ada ya kikundi cha kupeana kazi laki kadhaa kwa mwaka halafu niamke alfajiri niende hotelini kunywa chai na watu wa suti wakati koneksheni ninazo za bure, swali lake lina maana kabisa na silichukulii poa.

Mi ni mhasibu wa kujitegemea, nawaandalia watu hesabu na ritani za TRA, mafundi, wauzaji, wenye ofisi ndogo za vyumba viwili, na ukikaa na vitabu vya watu muda mrefu unaanza kuona kazi zao zinatoka wapi na zinalipwa shingapi. Kwa ninavyoona, hivi vikundi kwa kazi fulani vinalipa sana na kwa kazi nyingine ni kupoteza asubuhi zako tu, na tofauti haiko kwenye uchangamfu. Watu wanadhani ukiwa muongeaji ndo utafaidi. Hapana, kuna watu wapole kabisa wanafaidi. Tofauti iko kwenye aina ya kazi yako na nani wengine wamekaa pale mezani.

Nianze na kitu ambacho watu hawakisemi, bei ya undugu. Kazi za kamati ya harusi zinakuja kweli, ila zinakuja na "mdogo wangu nifanyie kifamilia basi" na "nitakumalizia mwisho wa mwezi mdogo wangu", na huyo unamwambiaje hapana wakati kesho mnakutana kwa shangazi? Naona kwenye vitabu, fundi ana kazi kibao mwaka mzima, simu haitulii, ukijumlisha faida unakuta hamna kitu maana nusu ya kazi amewafanyia ndugu, majirani na waumini wenzake, na madeni yenyewe hayadaiki. Kwenye kikundi cha biashara yule aliyekuletea mteja hana undugu na wewe, mteja mwenyewe amekuja kama mteja, unampa ankara anailipa au mnabishana bei kama watu wanaofanya biashara. Mteja wangu mmoja wa aluminiamu tangu aingie kwenye kikundi idadi ya kazi zake haikuongezeka sana kiukweli, kilichobadilika ni kwamba kazi zinalipwa kwa bei iliyoandikwa. Kwake hiyo peke yake imetosha.

Na hili jambo sio geni wala sio la wazungu wa juzi kwenye mitandao. Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola 100, kabla ya siasa zote alikuwa kijana mchapaji tu Philadelphia, na mwaka 1727 akaanzisha kikundi cha kukutana kila Ijumaa jioni, walikiita Junto, humo kulikuwa na fundi vioo, seremala, mtu wa viatu, mnakili hati, watu wa kujitafutia kama sisi. Walikuwa wanajadiliana mambo ya vitabu na maisha, ila alipofungua kiwanda chake cha kuchapa wenzake ndio wakaanza kumletea kazi, yule mnakili hati akamuunganisha na Waquaker, dhehebu moja la Kikristo, wakampa karatasi 40 za kitabu chao cha historia. Sasa sikia alichofanya, akawa anapanga kwa mkono herufi za karatasi moja kwa siku hata kama ni mpaka usiku sana, majirani wakawa wanaona taa yake inawaka, na mwenyewe aliandika kwamba kuonekana anapiga kazi vile ndio kulimjengea jina mjini. Kuunganishwa kulimfungulia mlango tu, jina alilijenga kwa kazi. Mi hapa huwa napasisitiza sana maana watu wengi wanaingia kikundini wakitegemea ule mlango ufanye kila kitu.

Klabu ya Rotary nayo ilianza hivohivo, Chicago mwaka 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani, walikutana wakizunguka ofisi ya huyu kisha ya yule, kila fani mtu mmoja, na mwanzoni walikuwa wanapeana biashara waziwazi, mambo ya kuhudumia jamii yakaja baadae kidogo. Halafu ndio ikaja BNI (Business Network International), ya Ivan Misner, ilianzia California 1985, sahivi iko nchi zaidi ya 70 na huku kwetu ipo. Hii sasa ni kupeana kazi tu bila kuzunguka: mnakutana kila wiki, kila fani mtu mmoja, unasimama unajieleza kwa muda mfupi, unasema wiki hii nimemuunganisha fulani na mteja fulani, na ukikosa unatakiwa utume mtu akukalie. Msingi wao ni kwamba anayetoa ndiye anayepata, ambayo sisi bibi zetu walishatuambia mkono mtupu haulambwi.

Kwanini inafanya kazi? Mwaka 1973 mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa makala ambayo mpaka leo inarudiwarudiwa. Aliwahoji watu wa Newton karibu na Boston waliokuwa wamebadilisha kazi, na kwa wale walioipata kupitia mtu, chini ya asilimia 17 ndio walikuwa wanaonana na huyo mtu mara kwa mara, wengi zaidi ni mtu wanayeonana naye mojamoja na wengine ni mtu hawajaonana nae kitambo. Sababu ni kwamba rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, mnaishi mtaa mmoja na mnasikia habari za watu walewale, yule wa mbali kidogo ndio anajua nyumba inayojengwa upande ambao wewe hujawahi kukanyaga. Kamati ya harusi ina nguvu kwa sababu hiyohiyo, inaleta watu wa upande wa pili.

Sasa tuje kwenye nani wamekaa mezani, maana hapa ndo pesa ilipo. Fikiria mtu anajenga nyumba Kigamboni. Anaanza na mpima ardhi, halafu mchora ramani, mafundi ujenzi, fundi bomba, fundi umeme, aluminiamu, jipsamu, marumaru, rangi, anakuja mtu wa kamera na geti, anakuja dada wa mapazia. Hawa wote wanamhudumia mtu yuleyule mmoja ila kwa zamu, na kila mmoja anajua kabla ya mwingine kwamba zamu ya mwenzake imekaribia. Fundi jipsamu akimaliza sebule anajua kabisa ndani ya miezi miwili huyu mama atataka mapazia, dada wa mapazia hana namna yoyote ya kulijua hilo, tangazo la Instagram halimwambii, anaweza akalipia matangazo mwaka mzima na asikutane na huyo mama kwenye ule mwezi anaomhitaji. Kikundi chenye mnyororo kama huo hata kiwe na watu kumi na tano ni dhahabu, mimi ningemwambia mtu akope ada aingie. Na kikundi cha watu 50 ambacho hamna hata wawili wanaogusa mteja mmoja, wote wanauza na hakuna anayekutana na mnunuzi wa mwenzake, hapo utakula sambusa na kubadilishana kadi.

Upande wa gharama watu wanahesabu ada peke yake. Tuseme ada ni laki saba kwa mwaka, chai na nauli elfu 20 kila wiki kwa wiki 48 ni 960,000, tayari uko 1,660,000. Halafu asubuhi zako, masaa matatu ukiweka na foleni ya barabara ya Bagamoyo, mara 48 ni masaa 144, yaani siku 18 za kazi, kama kwa siku unaingiza elfu 50 hiyo ni laki tisa nyingine. Jumla 2,560,000. Kama faida yako kwenye kila kazi ni robo, basi kikundi lazima kikuletee mauzo ya zaidi ya milioni kumi na laki mbili kwa mwaka ndo urudishe hela yako, hujapata faida bado. Fundi aluminiamu anazipata hizo kwa nyumba mbili tatu. Mwanasheria, wakala wa forodha, mtu wa bima, mtu wa sola, hao pia hesabu inakaa. Ila dada mwenye saluni ya mtaani au mwenye genge, mteja wake ni anayepita pale mlangoni, atengeneze milioni kumi kutoka kwa watu wa Mikocheni wanaokutana saa moja asubuhi? Huyo VICOBA inamfaa mara mia, angalau inampa mtaji.

Kuna wanaosema magrupu ya WhatsApp yanatosha. Grupu moja linabeba mpaka watu 1,024, kila mtu anatupia tangazo lake asubuhi na hakuna anayesoma la mwenzake. Hakuna aliyeweka jina lake rehani kwa ajili yako mle.

Na hilo la jina ndo linaloniuma zaidi kwenye hivi vikundi. Kila wiki unatakiwa usimame useme umempelekea nani kazi, inakuwa kama deni, mtu anaona aibu kukaa kimya, basi anampeleka mteja kwa mwanakikundi ambaye hajawahi hata kuiona kazi yake. Mteja hayupo pale mezani. Yeye anaamini umempa fundi mzuri kwa sababu unamjua, kumbe umempa fundi wa kundi lako, akipigwa nyumba ikavuja ni yeye na watoto wake ndio wanaweka ndoo sebuleni. Mi kwa hili sina mjadala, usimuunganishe mtu ambaye hujaiona kazi yake kwa macho, nenda saiti kaangalie, ongea na mteja wake wa zamani, na kama wiki hii huna wa kumpeleka sema sina na ukae. Kikundi kinachokununia kwa hilo hakikufai.

Kwahiyo kabla hujalipa omba uende kama mgeni, vingi vinaruhusu. Usihangaike na hotuba, kaa na mtu mmojammoja muulize mwezi uliopita ulimpelekea nani kazi, na alilipwa? Wakijibu kwa mifano ya kweli kaa, wakianza kukuhubiria kuhusu mtazamo chanya, au ukakuta nusu ya watu wanataka uwe chini yao kwenye biashara za virutubisho, kunywa chai yako uondoke. Ukilipa dai risiti, bila risiti huwezi kuiweka kwenye matumizi ya biashara. Na kwenye daftari la mauzo ongeza safu moja tu, kazi hii imetoka kwa nani. Mwezi wa kumi na mbili, kabla ya kulipia tena, pitia ile safu kuanzia juu mpaka chini, na ukikuta kazi zote zimetoka kwa walewale wawili, acha ada, hao wawili wapigie simu mtafute sehemu mkutane wenyewe.