"Bora" ni neno la mikorosho

Mjomba wangu analima korosho Mtama, mkoani Lindi, na ukitaka akusikilize anza na neno "bora". Miche bora, ile ya kubebeshwa, utafiti wake wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara: inawahi kuzaa na haimhangaishi sana kwa ubwiri unga. Mikongwe aliyoiacha marehemu babu aliifyeka. Inakula nafasi, alisema. Sikuwa na la kumjibu, mti ni mti.

Namleta mjomba hapa kwa sababu mwaka juzi, nikiwa na mimba changa huku Berlin, daktari aliniuliza kama nataka kipimo cha damu cha kujua iwapo mtoto ana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha mtoto kukua na kujifunza. Tangu 2022 bima za afya za huku zinaweza kukilipia. Alinisogezea karatasi kwa upole, kwa sauti ileile aliyonikumbushia vidonge vya kuongeza damu. Hakusema neno baya hata moja. Lakini nilishuka ngazi nikijua nimeulizwa jambo ambalo mama yangu, aliyezaa watoto sita, hakuulizwa hata mara moja: huyu unamtaka?

Nilikataa. Simnyooshei kidole aliyekubali.

Na huu mji unakumbuka mambo yake, hilo niwape sifa. Pale Tiergartenstrasse 4 pana ukumbusho wa wagonjwa na walemavu waliouawa kwa mpango wa serikali ya Hitler. Hadi Agosti 1941 walikuwa wameshazidi 70,000. Kabla ya hapo ilikuja sheria ya Julai 1933, na watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi kwa nguvu ili mbegu yao isiendelee. Nyuma ya hayo walikuwepo wasomi. Dahlem, hapa hapa Berlin, mwaka 1927 ilifunguliwa taasisi ya kuchunguza urithi wa binadamu, mkuu wake Eugen Fischer. Huyo Fischer alianza kujitafutia jina mwaka 1908 huko Namibia, akiwapima machotara wa Rehoboth vichwa na nywele.

Sisi watu wa Lindi tusidhani hayo ni ya wenyewe. Rafiki zangu wakija kunitembelea nawapeleka makumbusho kumwona yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria wa kwetu Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wababu zetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Watu hupiga picha, wanafurahi. Ila meli za zama hizo zilileta pia mafuvu ya watu. Zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na mengine ya kwetu, yalikaa kwenye makabati ya mji huu, yamekusanywa ili yapimwe. Kwa hiyo mtu akiniambia sayansi sasa inaweza "kuboresha binadamu", kwanza nauliza nani ameshika rula. Mara ya mwisho sisi tulikuwa mwisho wa rula.

Ndiyo maana naielewa sheria ya Ujerumani ya 1990 inayokataza kuhariri jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo mwilini, za mbegu ya uzazi, yaani mabadiliko ambayo mtoto atamrithisha mjukuu na kuendelea. China mwaka 2018 He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri wakiwa viinitete, eti wasipate Ukimwi, akafungwa miaka mitatu. Sikumwonea huruma. Wale mabinti hawakuumwa chochote.

Hapa sasa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa Berlin, hasa wale wa kunywa chai ya majani na kusema tusicheze na maumbile. Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika analia usiku kucha akishika miguu, na majirani wanne wanajua. Maumbile gani hayo nisiyaguse? Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, waliidhinisha tiba iitwayo Casgevy: wanatoa seli zinazotengeneza damu, wanazihariri jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni mahali palipokusudiwa, mgonjwa anapewa dawa kali za kusafisha uboho, kisha seli zake zinarudishwa. Kinachobadilika ni damu yake mwenyewe, watoto wake hawarithi. Hiyo naitaka, na naitaka leo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nilipomtafsiria mjomba kwa hesabu ya korosho alicheka mpaka akakohoa.

Halafu jeni ya selimundu yenyewe ina ujanja wake. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi selimundu, na malaria kali haimpati kirahisi. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti wa huko kwetu Afrika Mashariki. Angekuja mwerevu miaka mia iliyopita akaing'oa ukanda mzima wa pwani kwa kutuboresha, mbu wangemaliza kazi. Hata mjomba, pamoja na mapenzi yake kwa miche ya kubebeshwa, hapandi shamba zima aina moja.

Nyumbani nako tusijitie usafi. Kabla ya posa wazee huulizia kimyakimya: ukoo ule una kifafa? Una wendawazimu? Na watoto wenye ualbino Tanzania wamekatwa viungo, wengine wameuawa, bila maabara yoyote. Kuchagua nani astahili kuishi hatukufundishwa na Mzungu.

Binti yangu alipozaliwa, muuguzi alimchoma kisigino na kudondosha damu kwenye kadi. Tangu 2021 kila mtoto anayezaliwa Ujerumani hupimwa na selimundu humo humo, ili akionekana nayo aanzishiwe dawa mapema. Maabara ni yaleyale na wasomi walewale, ila kadi ya kisigino haiulizi kama mtoto anatakiwa. Ameshafika, inauliza apewe nini. Mtoto wa dada aligundulika akiwa na miaka minne, baada ya kuongezewa damu mara mbili na kufanyiwa matambiko nisiyoyahesabu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka.

Nikampigia mjomba, shikamoo zikaisha, nikamweleza habari ya kisigino. Akauliza bei. Nikamwambia sijui, mimi hawakunidai kitu. Akanyamaza kidogo.

"Dawa ya kubadilisha damu muachieni huyo tajiri wenu," akasema. "Hiyo ya kisigino uliza wanaifanyaje."

Ndicho ninachouliza.