Kabla ya kukizika kipimo cha jeni cha warfarini

Madaktari wengi wanaona mjadala wa kupima jeni kabla ya kuanza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ulifungwa mwaka 2013. Mwaka huo yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao COAG, uliohusisha wagonjwa 1,015. Waliopangiwa dozi kwa kufuata jeni walikaa ndani ya kiwango salama cha INR (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda) kwa asilimia 45.2 ya muda katika wiki nne za mwanzo. Waliopangiwa kwa umri, umbo na dawa nyingine wanazotumia walikaa kwa asilimia 45.4. Basi, wakauliza, gharama yote hiyo ya nini?

Hoja yao si nyepesi. INR huonyesha kama dozi imezidi au imepungua, chanzo kiwe jeni, mboga za majani au antibayotiki. Majibu ya jeni nayo mara nyingi hufika mgonjwa ameshameza vidonge kadhaa. Isitoshe, zipo dawa mpya kama rivaroxaban zisizohitaji kufuatiliwa hivyo. Lakini mwenye vali ya chuma kwenye moyo hawezi kukimbilia huko, na kwa walioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 uliona dawa za jamii ya warfarini zinawalinda vizuri zaidi kuliko rivaroxaban. Hawa ndio ninaowafikiria.

Mtu mmoja hutosheka na miligramu 1 kwa siku, mwingine huhitaji zaidi ya 10 kufikia INR ileile. Jeni ya VKORC1 huamua dawa itakavyokamata mwilini, na CYP2C9 huamua ini litaiondoa kwa kasi gani. Mpe kidonge cha miligramu 5 mtu ambaye ini lake huiondoa polepole. Cha jana bado kimo cha leo kinapoingia, na cha kesho kitavikuta vyote viwili. Siku za mwanzo INR inaweza kupendeza, kwa kuwa protini za kugandisha damu zilizokuwepo hazijaisha. Kisha asubuhi moja anapiga mswaki na sinki linajaa wekundu.

Sasa turudi COAG, kwenye takwimu ambayo haitajwi vya kutosha. Miongoni mwa wagonjwa Weusi, waliofuata jeni walikaa salama kwa asilimia 35.2 ya muda, na waliopangiwa dozi bila jeni asilimia 43.5. Yaani kipimo kiliwaumiza. Ndani ya wiki hizo nne ni takriban siku mbili za usalama zilizopotea, na wengi zaidi walipitiliza INR ya 3, upande wa kuvuja damu. Hili lilitumika kama ushahidi kwamba jeni hazisaidii. Mimi nasoma kinyume. Fomula ambayo COAG ilitumia kupanga dozi ilitafuta aina mbili tu za CYP2C9, *2 na *3, ambazo ni za kawaida kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa watu wa asili ya Afrika, zinazopunguza kasi ya ini mara nyingi ni *5, *6, *8 na *11. Aliyebeba *8 alihesabiwa kuwa ini lake ni la kawaida, akapewa dozi ya mtu mwenye ini la kawaida. Hakuna aliyemtafuta.

Tena wastani wa dozi kwa Weusi huwa juu, kwa sababu aina ya VKORC1 inayopunguza mahitaji ya dawa ni adimu kwao. Kwa hiyo daktari anayekisia kwa rangi ya ngozi humpandishia dozi mtu yuleyule ambaye ini lake halimudu.

Palipotafutwa kinachopatikana, picha ilikuwa nyingine. Utafiti wa EU-PACT, uliofanyika Uingereza na Sweden karibu kwa Wazungu watupu, ulipata kwamba waliofuata jeni walikaa salama kwa asilimia 67.4 ya muda, dhidi ya 60.3 kwa wasiofuata. Mwaka 2017 utafiti wa GIFT, kwa wazee waliobadilishiwa nyonga au goti, uliona kupanga dozi kwa jeni kunashusha madhara kutoka asilimia 14.7 hadi 10.8. Mwaka huohuo mwongozo wa CPIC, jopo la wataalamu wa kupanga dawa kwa jeni, ulielekeza kwamba kwa mgonjwa wa asili ya Afrika, kama *5, *6, *8 na *11 hazikupimwa, dozi isipangwe kwa jeni.

Kwa hiyo karatasi ya majibu ikija imeandikwa "kawaida", swali la kwanza kwa maabara ni hili: mlitafuta aina zipi?