Ifungueni Mngali Wawili

Jumapili ya wiki iliyopita baba mdogo alivuka kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akafika kwetu Nyakato, Mwanza, na mfuko wa dagaa na swali moja. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa akauliza: "Ile chupa ya kaka bado mnayo?"

Tulikuwa nayo. Kila aliyewahi kukaa sebuleni kwetu anaijua. Ilikaa juu kabisa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya wageni na kijisanduku cha mbao. Chupani mlikuwa na wiski ya Uskoti ya miaka 12. Kwenye kijisanduku zilikuwamo siga nane za Kuba, zile nene zinazosokotwa kwa majani ya tumbaku yenyewe bila karatasi. Vyote viliingia nyumbani mwaka 1993. Baba alifariki mwaka 2021. Hiyo ni miaka 28, na chupa haikufunguliwa.

Baba alikuwa fundi wa injini melini. Mwenzake wa zamu, ambaye sisi watoto tulimwita baba mkubwa ingawa hatukuwa na udugu wa damu, alipelekwa kozi Glasgow, na wakati wa kurudi akavinunua uwanja wa ndege London. Siga zilikuwa kumi. Jioni aliyofika walikwenda kukaa kwenye mawe kule Kirumba, wakavuta moja moja, jua likizama ziwani. Baba aliisimulia jioni ile mpaka anazeeka: jinsi siga moja ilivyowachukua karibu saa nzima, jinsi harufu yake ilivyokuwa nzito na tamu, jinsi wavuvi waliokuwa wakipakia karabai kwenye mitumbwi walivyosimama kuuliza ni dawa gani ile. Wiski hawakuigusa. Walisema hii tuiwekee siku.

Nilikua nikiisikia siku hiyo ikitajwa na kusogezwa. Ilikuwa nikimaliza kidato cha nne. Nikamaliza, tukala pilau, chupa ikabaki kabatini. Ikawa siku ya harusi ya dada. Usiku ule nilimwona baba akiitoa, akaigeuza mkononi mara mbili, akairudisha. Ikawa akistaafu. Alistaafu, mafao yakachelewa, akasema yakitoka. Yalipotoka akasema tumalize kwanza kupaua chumba cha nyuma. Na mama, ambaye ni Msabato na pombe hajaionja maisha yake yote, kila Ijumaa mchana kabla Sabato haijaingia aliipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kinywaji adimu na siga adimu ni vya kutumiwa na watu ulionao leo. Ukitaka kuviweka, viwekee siku yenye tarehe, na tarehe ikifika usiisogeze.

Simsemi anayeweka akiba. Sisi Wasukuma hatuhitaji kufundishwa kuweka. Bibi yangu kule Magu alikata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba, akavianika mpaka vikakauka kau. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza ndipo akavianika, vikawa matobolwa. Viliingia ghalani vikakaa miezi na miezi. Lakini michembe ina siku yake tangu inapotandazwa juani: kiangazi, shamba likiwa tupu. Siku hiyo ikifika bibi alifungua ghala, akaibandika michembe jikoni, tukala na karanga. Hakuna aliyeuliza kama kiangazi hiki kinatosha.

Upande wa pili iko rubisi. Jirani yetu Mhaya akikamua ndizi na kutia mtama, pombe huwa tayari kesho yake, na zikipita siku chache imechachuka. Hivyo hana njia ila kuita watu. Huwaita aliokosana nao pia, maana pombe iliyojaa mtumbwi mzima wa kukamulia hainyweki na mtu mmoja. Rubisi inamlazimisha mtu kuwa na wenzake. Wiski inakubali kusubiri, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Baba aliamini kwamba kila mwaka uliopita kabatini ulizidi kuifanya bora. Wengi wanaamini hivyo, na inaniuma kwa sababu si kweli. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Sheria ya Uskoti inataka ikae humo miaka isiyopungua mitatu. Pipa hupumua, na kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani. Watengenezaji wenyewe huliita fungu la malaika. Siku inapotiwa kwenye chupa, umri wake unasimama. Wiski ya miaka 12 iliyonunuliwa mwaka 1993 ni ya miaka 12 hata leo. Kinachozeeka ni kizibo: kinakauka, kinaanza kupukutika, na kilevi kinapata njia ya kutoroka kidogo kidogo. Mvinyo ni habari nyingine, huo unaendelea kubadilika chupani, lakini mvinyo mwingi, hata huu wetu wa Dodoma ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Kuuweka chini ya bati la Mwanza ni kuupika.

Siga zina hali mbaya zaidi. Siga inataka kasha la mwerezi, hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hapa kwetu mchana joto hufika nyuzi 28. Julai na Agosti hewa ni kavu, midomo inapasuka. Masika hata chumvi inalowa. Siga iliyo kabatini inavimba na kusinyaa, inavimba na kusinyaa, mwaka hadi mwaka. Tena yupo mdudu wa tumbaku. Mayai yake huweza kufika ndani ya jani lenyewe, yakalala kimya kwenye ubaridi, na joto likipita nyuzi 25 hivi yakaanguliwa.

Kijisanduku nilikifungua mimi, baba mdogo ameshika tochi ya simu. Jani la nje la siga ya kwanza lilikuwa na matundu ya duara, madogo kama kichwa cha pini, yamepangana kama vishimo vya filimbi. Nilipoiinua, unga wa kahawia ulimiminika kiganjani, laini kabisa, kama ule unaotoka kwenye mahindi yaliyobunguliwa. Siga ikawa nyepesi mkononi kama bua. Nikachukua ya pili, ya tatu. Zote nane zilikuwa hivyo. Utepe wa karatasi wenye maandishi ya dhahabu ulikuwa mzima, umezunguka kitu ambacho hakipo tena.

Tumbaku inaua, hilo silibishi, na simshawishi asiyevuta aanze. Ninachokiona ni hesabu ndogo tu: siga nane kwa watu wawili ni jioni nne kwenye mawe ya Kirumba, na jioni hizo nne zimeliwa na wadudu. John F. Kennedy, rais wa Marekani, kabla hajasaini amri ya kuzuia biashara na Kuba Februari 1962, alimtuma katibu wake wa habari, Pierre Salinger, amtafutie siga aina ya Petit Upmann. Salinger alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alirudi na 1,200. Miezi 21 tu baada ya hapo Kennedy aliuawa. Mtu mwenye walinzi wote wale hakujua amebakiwa na jioni ngapi.

Rafiki yangu mmoja anayeishi Capri Point huniambia chupa adimu ni mali, inapanda thamani. Ni kweli kwa baadhi. Wiski ya Macallan ya mwaka 1926 ilitiwa kwenye chupa mwaka 1986, zikapatikana chupa 40 tu, na mojawapo iliuzwa mnadani London Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Mwenye chupa ya namna hiyo ana kiwanja, hana kinywaji, na sina neno naye. Lakini wengi wetu tuna chupa ya dukani aliyoleta mjomba au mkwe kutoka safari. Anayetaka mali inayokua na anunue ng'ombe. Ng'ombe anazaa, anakamuliwa, anatolewa mahari. Chupa haizai.

Basi tukaifungua. Ilikuwa imepungua, kiwango kimeshuka chini ya mabega. Kizibo kilikatika katikati, nusu ikabaki shingoni. Baba mdogo akaisukuma ndani kwa mpini wa kijiko, tukaichuja kwa chujio la chai kwenye jagi. Harufu ilitoka ikajaza sebule: asali, mbao iliyorandwa leo, na kwa mbali moshi wa kuni. Akamimina kidogo kwenye vikombe vya wageni, maana glasi zilikuwa mbali na hakutaka kunyanyuka. Alionja, akafumba macho muda mrefu.

"Imeharibika?" nikamuuliza.

"Imefifia kidogo. Lakini ipo, mwanangu. Ipo kabisa."

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kikombe chake cha maziwa. Ndipo aliposema jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kulisema mbele yangu. Mei 1996 baba mkubwa alikwenda Bukoba msibani. Kabla ya kupanda meli alipita nyumbani, akasimama pale pale kwenye kabati, akamwambia baba: "Jumanne nikirudi tuifungue hii, tumeingoja vya kutosha." Jumanne ile ilikuwa tarehe 21. MV Bukoba ilizama asubuhi, imekaribia Mwanza, na mamia ya watu ndani yake. Baba mkubwa amezikwa Igoma pamoja na wengine wengi wa siku ile.

"Baba yenu alisema ya watu wawili haifunguliwi na mmoja," mama akasema. "Hayo ya harusi na mafao alikuwa anawaambia ninyi. Mimi nilijua haifungui. Nami nikawa naipangusa."

Nilikaa kimya. Miaka mingi nilidhani baba alikuwa mgumu wa mkono, na niliwahi kumtania hivyo mbele ya wageni. Ningetamani kuyarudisha maneno yale.

Nimelitafakari hili wiki nzima, hasa kwa kuwa mama aliongeza kwamba baba alipenda kukaa akiitazama, jioni, redio ikisema. Nakubali. Kutazama nako ni namna ya kuwa na kitu, na sina haki ya kumnyang'anya faraja hiyo. Baada ya Mei 1996 namwelewa kabisa. Kinachoniuma ni ile miaka mitatu ya kabla. Kuanzia 1993 mpaka 1996 watu hawa wawili walikuwa zamu moja, nyumba zao dakika kumi kwa miguu, chupa iko kabatini, na kilichokosekana kilikuwa siku tu. Walikuwa na Jumapili zaidi ya mia moja. Walikuwa na Krismasi. Mtoto wa mwisho wa baba mkubwa alibatizwa katika miaka hiyo hiyo. Yote hayo waliyaona madogo kwa chupa ile, nami leo siwezi kufikiria sherehe kubwa kuliko wao wawili kuwa hai kwenye mawe yale, hata kama ni Jumatano isiyo na jina.

Na nina jingine kwa baba, nalisema kwa mapenzi: hata baada ya msiba, nusu ya pili ilikuwa na mrithi. Yule mtoto aliyebatizwa alikuwa na miaka miwili meli ilipozama. Amekulia Nyegezi, hapa hapa mjini, na alikuwa akija kwetu Krismasi. Tulimpa soda, akaketi chini ya kabati lile lile.

Jumatatu nilimpigia simu. Baba mdogo aliahirisha safari yake ya Nansio. Alhamisi jioni kijana akaja, ametoka kazini na nguo zenye grisi, kwa kuwa naye ni fundi, wa magari. Tuliyobakiza ilitosha vikombe vitatu. Hakuuliza bei wala umri wa wiski. Aliuliza baba yake alisema nini siku ile Kirumba, na siga alikuwa akiishikaje. Baba mdogo hakuwapo siku ile, lakini alikuwa ameisikia kwa kaka yake mara nyingi kama nilivyoisikia mimi, basi tukawa tunapokezana, mmoja akisahau mwingine anajaza, mpaka umeme ukakatika tukawasha taa ya simu tukaendelea. Kijana alikuwa akishikilia kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Ijumaa mchana mama aliiosha chupa kwa maji ya moto, akaianika kifudifudi juu ya kichanja. Sasa ina asali ya Sikonge, iko mezani karibu na birika, na kila asubuhi inazidi kupungua.