Baba Mdogo Hajifanyi

Jumapili nilikwenda Mbagala kumwona baba mdogo, na hasira niliyotoka nayo bado haijaisha.

Tangu apate kiharusi, mkono wa kulia umelala na maneno yamekata. Mwonyeshe kijiko: anakitazama, jasho linamtoka, jina haliji. Akaingia jirani. "Shikamoo mzee." Papo hapo: "Marahaba!" Safi, kama zamani. Kidogo tu sahani ikamponyoka, akaachia tusi ambalo siliandiki hapa. Jirani akanigeukia: "Umeona? Matusi anayajua. Anajifanya huyu."

Haya, daktari bingwa wa barazani.

Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alipelekewa mgonjwa aitwaye Leborgne. Ukimuuliza lolote, jibu lake lilikuwa "tan, tan". Ila akipandwa na hasira, laana nzima ilimtoka. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Naye alikuwa anajifanya, zaidi ya miaka 20 hospitalini?

Ili useme "kijiko" inabidi ulichague neno hilo kati ya maelfu, upange sauti zake, uzifikishe mdomoni. Kwa wengi wetu kazi hiyo ni ya upande wa kushoto. Salamu, matusi, dua, kuhesabu moja mpaka kumi, hayo hayatafutwi. Yamezoeleka mpaka yanatoka kwa mkupuo, na upande wa kulia pamoja na sehemu za ndani za ubongo huyabeba hata kushoto kukiumia. Ndiyo maana wapo wasioweza kuomba chai lakini wimbo wanaimba.

Baba mdogo alikuwa konda. Muulize anakaa wapi, kimya. Mwanzishie vituo vya gari lake, "Aziz Ali..." uone: "Mtongani, Zakhem, Rangi Tatu, mwisho wa gari!" Na nyumba yake iko hapo hapo Zakhem, kalitaja bila kujua kwamba kanijibu.

Sawa, alikuwa na usanii wake. Kodi ikikaribia, mgongo ulikuwa unamuuma ghafla. Lakini mgongo ule haukuwahi kumliza, na Jumapili nilimwona analia kwa kukosa jina la mwanawe wa kwanza.

Wanaosema karogwa, leo sina nguvu nao.

Mama mdogo hajasoma habari za Broca. Jioni mzee akianza kutukana, yeye huinuka kimya kimya akamletea maji. Anayanywa yote, anarudisha kikombe, na tusi moja la mwisho, la upole.